Kidari Kimoja, Wazee Wawili

"Rudia ulichosema, Mama Brenda. Rudia, watu wasikie!"

"Nirudie nini, shemeji? Si umesikia? Wanaotoka juu wanapimiwa kwanza, wa chini wanafuata, sisi wa hapa hapa tunamalizia."

"Tangi la maziwa limejengwa ubavuni mwa kihamba changu, shamba la urithi wangu, kivuli chake kinaangukia migomba yangu, halafu mimi ndiye wa kumalizia?"

"Ndiyo maana yake. Wewe hata ukisahau mfuniko wa ndoo unapiga kelele tu, mkeo anakuletea. Mwenzio wa juu kule katoka nyumbani kabla hakujapambazuka, na akirudi kuna majani ya kukata na watoto wa kupeleka shule."

"Nina magoti mabovu mimi!"

"Basi njoo ukae kwenye kiti changu, mimi nisimame."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Eliufoo akainyanyua ndoo yake kwa hasira, kama mtu anayeondoka, akakumbuka kwamba hana pengine pa kuyapeleka maziwa, akaiweka chini palepale. Wakacheka tena.

Kicheko hicho ndicho kilichokuwa kinamla. Foleni ni foleni tu, hata ukiwa wa mwisho maziwa yatapokelewa. Kilichomchoma ni kuwaona watu wa Kilema, watu wazito ambao asubuhi huwa hawajibu hata salamu vizuri, wanacheka mpaka wanashikana mabega, na anayewachekesha ni Mektrida, huyo Mama Brenda.

Maana Eliufoo, kwa asiyemjua, hakuwa mtu wa kuchekwa kwenye foleni. Alikuwa kiongozi mkuu wa misafara ya kupanda mlima. Wazungu, Wajapani, mabwana wakubwa wenye makampuni yao huko kwao, wote walikanyaga pale alipokanyaga. Wagumu, ndivyo wapagazi wa mlimani wanavyoitana, walimwita Chifu, na akisema "twende" hakuna aliyeuliza "wapi". Kisha magoti yakagoma. Akarudi kwenye migomba yake, na ndani ya wiki moja akawa Baba Praygod basi, kama mwanaume yeyote mwenye mtoto.

Kikundi cha wafugaji kilipopata tangi la kupozea maziwa na kutangaza nafasi ya meneja, Eliufoo alipiga pasi suruali siku hiyohiyo. Waliojitokeza walikuwa wawili tu, yeye na jirani yake. Wakasimamishwa mbele ya mkutano na kuulizwa swali moja: kazi uliyokuwa ukifanya imekufundisha nini kuhusu kuongoza watu?

Eliufoo alijibu kifua mbele. "Imenifundisha kuamua. Kule juu hewa haitoshi hata ya kupumua, seuze ya kubishana. Mmoja anasema, wengine wanafanya, wote wanarudi salama."

Watu wakatikisa vichwa, wakaguna kwa kuridhika. Ndipo akasimama Mektrida, mjane wa binamu yake Eliufoo, mzaliwa wa Kwa Sadala aliyeolewa Kilema, aliyemalizia ujana wake nyuma ya kaunta ya duka la vitambaa la Mama Sulochana mjini Moshi. Akajifunga kitenge vizuri kwanza.

"Mimi imenifundisha kwamba mtu akiingia dukani akatoka bila kununua, si neno. Neno ni kama atarudi. Mlima mtu anaupanda mara moja, anapiga picha, anakwenda kwao. Maziwa ni ya kila siku, jamani. Lazima kesho mtake kurudi."

Akakaa. Mikono ikanyooshwa, na ikawa yake. Ulinyooshwa hata mkono wa Magdalena, mke wa Eliufoo mwenyewe. Alipobanwa nyumbani akajitetea, "Mimi nilifikiri tunaulizwa nani hajapata soda."

Tangu siku ile Eliufoo akawa na kazi mpya ambayo hakuna aliyempa. Kila asubuhi alikaa barazani kunoa panga ambalo lilikwishanoleka, akichungulia tangi kupitia ua wa masale. Alimwona Mektrida akimshika mkono huyu, akimuuliza yule habari za mama mkwe, akijua ng'ombe wa nani kazaa na binti wa nani anaposwa na watu wa Marangu. Eliufoo akasema huo ni umbea, umeneja uko wapi? Lakini maziwa ya Stella yalipopungua ghafla, na watu wakaanza kunong'ona kwamba anauza pembeni, ni umbea huohuo uliomwambia Mektrida kwamba kiwele cha ng'ombe wa Stella kimevimba. Akamtafutia daktari wa mifugo, na maziwa yakarudi. Eliufoo angemfukuza Stella siku ya kwanza. Alijua kabisa kwamba angemfukuza, na kujua huko kulimfanya amchukie Mektrida zaidi.

"Utalimaliza panga hilo," Magdalena alimwambia. "Limebaki kama kisu cha kumenyea viazi."

Tangi likatimiza mwaka. Kikundi kikaamua kuchinja dume, ili wanachama wote wale karamu pamoja. Siku chache kabla ya sherehe Magdalena akarudi kutoka kusuka nywele, nusu ya kichwa imesukwa, nusu bado. Habari aliyoipata haikuweza kusubiri nusu ya pili.

"Baba Praygod, kaa."

"Nimekaa."

"Basi kaa zaidi. Meneja wako kamwahidi Mzee Sirili kidari."

"Sawa. Mzee Sirili ni mkubwa."

"Na Mzee Kanuti naye kamwahidi kidari."

Eliufoo akaweka panga chini.

Ukizaliwa huku mlimani hakuna haja ya kuelezwa, lakini aliyezaliwa kwingine aelewe hivi: nyama ya karamu hailiwi ovyo. Kila kipande kina mwenyewe, kwa ukoo na kwa umri, na kidari ni cha mkubwa wa wote. Kinatoka kizima, hakigawanywi. Anayekabidhiwa kidari mbele ya watu ameambiwa: wewe ndiye kichwa chetu. Sasa Mzee Sirili ndiye kichwa cha vitongoji vya juu, na Mzee Kanuti wa vitongoji vya chini. Wamelingana umri, na tangu wakiwa vijana kila mmoja anasema mwenzake alimkuta duniani. Mmoja akipewa kidari mwingine akiangalia, huyo mwingine ataondoka na watu wake wote, na maziwa yao. Tangi litabaki nusu, na gari la maziwa la mjini halipandi mlima wote ule kufuata nusu tangi. Kikundi kitakufa, na meneja atarudi kwao Kwa Sadala kuuza ndizi.

"Una uhakika?" Eliufoo aliuliza, na sauti yake ilikuwa tamu mno kwa mtu aliyepata habari mbaya.

"Mke wa Kanuti alikuwa kwenye kiti cha pili pale saluni. Anasema mumewe kashanunua kofia."

Mchana uleule Eliufoo alivuka ua wa masale na kubisha hodi kwa Mektrida, kwa adabu kabisa. "Mama Brenda, nimefikiria. Nyie mna kazi nyingi. Mimi nitakata nyama."

Mektrida alikuwa anachambua maharage. Akamtazama, akachambua kidogo, akamtazama tena. "Wewe, shemeji?"

"Mimi. Nimelisha watu wengi."

"Haya. Kisu ni chako. Asante sana."

Akarudi nyumbani anatembea kama hana magoti mabovu. Alikwisha jipangia. Nyama ikishakatwa, watu wote wametulia, atasimama na kidari mkononi na kuuliza kwa sauti ya Chifu: Meneja, hiki ni cha nani? Swali fupi tu, na hakuna ambaye angemlaumu, kwa sababu ndivyo mkataji anavyopaswa kuuliza. Kisha angekaa na kumtazama Mektrida akitafuta jibu.

Siku ya sherehe watu walijaa mpaka migomba ikaegemewa. Wanawake kwenye vyungu, pombe ya mbege inazunguka, Magdalena kichwa chote kimesukwa. Wazee wawili waliwekwa kwenye viti vyao, Mzee Sirili upande wa juu, Mzee Kanuti upande wa chini na kofia mpya. Eliufoo akavua shati, akawapanga wasaidizi wake, akiwemo Calvin, dereva wa bodaboda aliyekuwa akibeba maziwa ya vitongoji vya juu.

"Sikilizeni. Nikisema shika, shika. Nikisema lete, lete. Hakuna maswali, hakuna hadithi. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Chifu," wakasema.

Chifu! Muda mrefu ulikuwa umepita tangu aitwe hivyo. Mikono ikachangamka, kisu kikapita kwenye nyama kama kilikuwa kinamngojea. Na wakati mikono inafanya kazi, macho yake yalikuwa kwa Mektrida. Alimwona akiinama kwenye sikio la Mzee Sirili, mzee akatabasamu. Akavuka uwanja, akainama kwenye sikio la Mzee Kanuti, naye akatabasamu, akaigusa kofia. Njiani kila aliyempita alimvuta kitenge amwambie kitu. Watu wote hawa, Eliufoo aliwaza. Niliwafundisha wanao kazi ya mlima, niliwapa majaketi na viatu. Nani alinivuta mimi shati? Akakata. Huyu anajua kuuza kitambaa tu, na wanamwangalia kama amewazaa. Akakata tena, akasogeza, akapanga.

"Chifu, na hii hapa..." Calvin alianza, ameshika pande kubwa mikono yote miwili.

"Nimesema hakuna maswali! Lete!"

Calvin akaleta.

Sasa, Eliufoo alikuwa amelisha watu wengi, hakudanganya. Lakini aliwalisha mlimani. Krismasi zote ambazo wenzake walikuwa nyumbani, wanasimama nyuma ya baba zao na kujifunza nani anapewa nini, yeye alikuwa juu na wageni, maana Desemba ndiyo msimu. Na kule juu sheria ya nyama ni moja: sawa kwa sawa. Mgumu akiona fungu lake dogo kuliko la mwenzake, kesho mzigo utakuwa mzito ghafla. Kwa hiyo mikono yake, isiyosimamiwa na mtu, ilifanya ilichozoea. Ilikata vipande sawa, ikapanga mafungu sawa juu ya majani ya migomba, mstari baada ya mstari, kazi safi ya kupendeza macho.

Alipomaliza akafuta kisu, akanyoosha mgongo na kungoja kelele zitulie. Kisha akalitoa swali lake.

"Meneja! Kidari ni cha nani?"

Mektrida akageuka. Mzee Sirili akasimama upande wa juu, Mzee Kanuti akasimama upande wa chini, kila mmoja akidhani mwenzake anasimama kumpigia makofi. Wote wakatazama mikono ya Eliufoo. Ilikuwa na kisu tu.

Eliufoo naye akaitazama. Akatazama majani. Mafungu, mafungu, mafungu.

"Calvin," akasema kwa sauti ndogo. "Kidari kiko wapi?"

"Umekikata, Chifu."

"Uliona?"

"Niliona."

"Mbona hukusema?"

"Ulisema hakuna maswali."

Mtu mmoja nyuma akacheka puani, akanyamazishwa. Mzee Sirili akapiga fimbo chini. "Nimeahidiwa kidari mbele ya wanangu. Kidari changu kiko wapi?"

"Chako?" Mzee Kanuti akavua kofia. "Cha kwako wewe? Kidari nimeahidiwa mimi!"

"Nani kakuahidi?"

"Huyu mama!"

"Na mimi kaniahidi huyuhuyu!"

Macho yote yakahama kutoka kwenye nyama kwenda kwa Mektrida. Akatabasamu tabasamu la kaunta. "Wazee wangu jamani, baba zangu, kwani nani kati yenu si mkubwa kwangu? Mimi nilikuwa nawathamini nyote..." Yakaishia hapo. Mama Sulochana alimfundisha kumwambia kila mteja: hiki nimekuwekea wewe tu. Dukani maneno hayo hayana hatari, kwa sababu robota lina kitambaa kingi na wateja wawili hawakutani. Ng'ombe ana kidari kimoja, na wateja walikuwa wanatazamana uso kwa uso.

"Watu wa juu," Mzee Sirili akasema bila kugeuka, "chukueni ndoo zenu."

Watu wakaanza kuinuka. Mektrida akacheka kidogo, kicheko kisicho na sababu. Midomo ilikuwa imebadilika rangi, macho yanatazama mbali, mkono unashikashika kitenge kilichokwisha fungwa.

Huu ndio wakati Eliufoo aliokuwa ameungoja mwaka mzima. Na ulikuwa mtamu, tusidanganyane. Ulikuwa mtamu kwa muda wa kumeza mate. Shida ni kwamba uso ule aliujua. Aliuona mara nyingi kule juu, kwa mabwana wakubwa na kwa mabibi waliolia: uso wa mtu aliyeishiwa hewa, ambaye bado anasema niko sawa, niko sawa. Mtu akifika hapo huulizi kama unampenda. Miguu yake ilikwisha kwenda kabla hajaamua, akajikuta katikati ya uwanja, bila shati, kisu bado mkononi.

"Kaeni!" akasema. Wakakaa. Hata Mzee Sirili alikaa, kisha akakasirika kwamba amekaa.

"Habari ni mbaya, nitaisema mara moja. Meneja amewaahidi wazee wawili kidari kimoja. Amekosa. Mimi nimekikata kidari kama nyama ya wapagazi. Nimekosa. Kidari hakipo, na hakuna wa kukirudisha. Kimo kwenye kila jani hapa. Anayetaka kwenda aende, lakini aende akijua hayo, asije akaambiwa mengine njiani."

Waliokwisha shika ndoo wakatazamana.

"Ngoja kwanza, mbe, bwana wangu," Mzee Kanuti akasema taratibu. "Kwa hiyo Sirili hakupata."

"Hakupata."

Mzee Sirili akainua kidevu. "Na Kanuti?"

"Kapata sawasawa na Stella."

Stella akashika mdomo. Mzee Kanuti alimtazama mwenzake wa upande wa juu, akatazama fungu lake, akatazama tena fungu la mwenzake, akipima kwa macho. Yalikuwa sawa kabisa. Mabega yakaanza kumtikisika. "Sirili," akasema, "huyu kijana katuibia wote wawili."

"Ndiyo shida ya kumpa mpagazi kisu!" Mzee Sirili akajibu, na mdomo wake ukamsaliti, ukafunguka, meno machache yaliyobaki yakaonekana. "Bora kaiba yeye kuliko kula wewe."

Uwanja ukapasuka. Ilihukumiwa palepale kwamba mkosaji wa kuahidi na mkosaji wa kukata kila mmoja ataleta mtungi wa mbege kuomba radhi, na mbege hiyo wazee watainywa kutoka kibuyu kimoja. Ndoo zikarudi chini. Nyama ikaliwa. Na kabla sahani hazijakusanywa, Eliufoo alikwisha pata jina jipya. Mpagazi wa Kidari.

Aliondoka kimyakimya. Jua lilipokuwa linazama alikuwa barazani kwake, peke yake, bila panga. Ng'ambo ya masale watu walikuwa wamehamia uani kwa Mektrida kumalizia vyungu. Alisikia sauti ya Calvin ikiigiza: "Nimesema hakuna maswali! Lete!" na kicheko, na katikati ya kicheko alikitambua cha mkewe, kirefu kuliko vyote. Wanacheka na Mektrida tena. Yeye ndiye aliyelitetea tangi lao, na bado kwenye moto wameketi na yule.

Masale yakatikisika.

"Shemeji."

"Sipo."

"Naona." Mektrida alisimama upande wa pili, mikono imelowa mchuzi. "Ulikuwa unangoja nianguke."

"Nani kakuambia? Magdalena?"

"Hakuna aliyeniambia. Nimekaa dukani, shemeji. Mtu anayeshika kitambaa asichotaka kukinunua namjua kwa vidole. Ulipokuja kuomba kisu, vidole vyako vilikuwa hivyohivyo."

"Sasa kama ulijua, ulinipa kisu cha nini?"

Mektrida akapangusa mkono kwenye jani la sale. Hakuwa na tabasamu la kaunta wakati huu, na bila hilo alionekana mchovu, mtu wa kawaida tu. "Nilikwisha jifunga. Nilijua siku itafika na mimi kumwambia mzee mmoja 'hapana' siwezi. Sijui hata neno lenyewe linatokaje mdomoni. Nikasema kama lazima mtu aliseme, basi walau aseme yule asiyemwogopa Sirili." Akapangusa na mkono wa pili. "Ila sikujua utakikata."

"Hata mimi sikujua."

Akacheka kwanza yeye Mektrida, halafu Eliufoo, kwa shingo upande, akiwa ametazama pembeni ili isionekane.

"Kuna mtu anatia maji kwenye maziwa," Mektrida akasema. "Mwanachama wa siku nyingi. Namjua, namchekea kila asubuhi, na nikiendelea kumchekea tutakataliwa tangi zima mjini. Nataka uje ukae pale na mimi. Mimi niseme ya kusemwa na wewe useme yale mengine."

"Ni nani?"

"Hapana, hapa kwenye ua sikuambii. Nitakuambia tukila."

Eliufoo akatazama moto ng'ambo ya masale na watu waliouzunguka. Wivu haukuwa umekwenda popote, ulikuwa palepale kifuani umejikunja kama paka. "Na foleni je? Nikikaa pale, bado ndoo yangu inamalizia?"

"Inamalizia, shemeji. Tena nyuma ya yangu." Akayapanua masale kwa mikono yote miwili, akamwachia nafasi ya kupita. "Ingia ule bwana, ndizi zinapoa. Na kiti kipo, usije ukasingizia magoti."